Ndege Aliyepotea Njia na Ushahidi wa Kumtambua

Hotuba kwa waongoza watalii na wanafunzi wa uhifadhi, Arusha

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu wa uhifadhi, waongoza watalii wenzangu wa Arusha na Moshi, na ninyi wanafunzi mliofika kusikiliza, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kumtambua ndege mdogo ambaye kwa kawaida hatarajiwi kuonekana hapa kwetu. Simkusudii korongo wala tai, ambao hata mtu aliye ndani ya gari linalokwenda huwaona na kuwaulizia. Nawakusudia ndege waimbaji wenye uzito wa gramu 10 au 20, wenye rangi ya vumbi, wanaojificha katika matete ya Nyumba ya Mungu au kusimama juu ya jiwe katika nyika za Longido, ambao mmoja wao katika maelfu huenda ametoka mahali ambapo ramani za vitabu vyetu hazimfikishi huku. Nina hoja moja ya kuwaletea: kumtambua ndege wa namna hiyo ni kutoa ushahidi, na ushahidi huo huanza kwa kuwafahamu barabara ndege wa kila siku, kisha ukaandikwa kwa namna ambayo mtu asiyekuwapo anaweza kuupima.

Tuanze na sababu za ndege kupotea, kwa kuwa anayezijua hujua pia amtafute wapi, lini na mwenye umri gani. Ndege wengi wadogo wanaohama husafiri usiku, nao hujielekeza kwa nyota, kwa nguvu ya sumaku ya dunia na kwa mwanga wa jua linapokuchwa. Sehemu kubwa ya maelekezo ya safari ya kwanza kinda huzaliwa nayo: hurithi upande wa kwenda na takriban muda wa kusafiri, bila kuoneshwa njia na mzazi. Mwaka 1958 mtafiti A. C. Perdeck wa Uholanzi alichapisha matokeo ya jaribio ambalo, kwa maoni yangu, bado halijapata mfano kwa uwazi wake. Kuzi zaidi ya 11,000 walinaswa Uholanzi wakiwa safarini, wakavikwa pete, wakachukuliwa kwa eropleni hadi Uswisi na kuachiliwa huko. Wakubwa, ambao walikuwa wamekwisha kuifanya safari hiyo miaka ya nyuma, waligeuza mwelekeo na kwenda kwenye makao yao ya kila mwaka, kaskazini mwa Ufaransa na kusini mwa Uingereza. Vijana waliokuwa katika safari yao ya kwanza walishika upande uleule waliorithi, kana kwamba hawakuhamishwa, wakaishia kusini mwa Ufaransa na Hispania.

Jaribio hilo linatufundisha jambo la kutumia kazini. Ndege wanaopotea mara nyingi ni wachanga, wa mwaka uleule, na mchanga huwa na manyoya ambayo kitabu humwonesha kwa picha ndogo pembeni au hakimwoneshi kabisa. Wengine hupelekwa na upepo na dhoruba, wengine hurithi upande uliogeuka na kuruka kinyume cha wenzao, na utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliochambua kumbukumbu za ndege zaidi ya milioni 2 wa spishi 152 walionaswa Amerika Kaskazini kati ya mwaka 1960 na 2019, ulionesha kwamba misukosuko katika uga wa sumaku wa dunia huambatana na ongezeko la ndege waliopotea.

Hata hivyo, umbali peke yake si ushahidi wa kupotea. Katika ukumbi huu wapo wanaowapeleka wageni katika nyika iliyo kaskazini ya Arusha, kati ya Meru na Kilimanjaro, kumwona ndege wa ardhini wa jamii ya kipozamataza anayeitwa Chersomanes beesleyi. Jamaa zake wa karibu wako Namibia, Botswana na Afrika Kusini, na kati yao na sisi kuna pengo kubwa lisilo na ndege wa aina hiyo. Mtu anayemwona kwa mara ya kwanza akiwa na kitabu cha kusini mwa Afrika mkononi angeapa kwamba amempata mpotea njia. Kumbe huyu ni mwenyeji halisi: anazaliana papo hapo, amekaa peke yake kwa muda mrefu kiasi kwamba wapo wataalamu wanaomhesabu kuwa spishi kamili, na ulimwengu wa sayansi haukumpa jina hadi mwaka 1966. Kwa hiyo mnapomwona ndege aliye mbali na ramani yake, kabla ya kusema amepotea, ulizeni kama si ramani ndiyo iliyokosea. Rudini mahali hapohapo msimu mwingine, mwangalie kama yupo tena, kama wako wawili, kama anabeba chakula mdomoni.

Upande wa pili yuko Oenanthe oenanthe, ndege mdogo anayetafuta chakula ardhini, ambaye huja kwetu kila mwaka vuli inapokaribia. Mwaka 2012 watafiti waliowafunga ndege hawa vifaa vidogo vya kupima mwanga walithibitisha kwamba wale wanaozaliana Alaska huvuka Asia nzima na kufika Afrika Mashariki, safari ya kilomita takriban 14,500 kwa mwendo wa kwenda tu, kwa ndege mwenye uzito wa gramu 25 hivi. Safari hiyo ingeonekana kuwa kioja, lakini kwake ni ya kawaida.

Sasa niwapeleke nyikani. Nitautumia mfano wa jamii hiyohiyo ya Oenanthe, kwa sababu sote tunawaona, na kwa sababu hapo ndipo ninapowaona waongozaji wengi wenye uwezo wakipita haraka mno. Tuseme ni mwezi wa Desemba, mko Engikaret, na juu ya kichuguu amesimama ndege wa rangi ya mchanga, ambaye anaporuka anaonesha kiuno cheupe. Mmoja wenu anasema mkia wote ni mweusi. Kama ni kweli, yuko anayefanana na maelezo hayo: Oenanthe deserti, ndege wa majangwa, ambaye wakati wa baridi ya kaskazini hukaa Sahara, Uarabuni na pembe ya kaskazini-mashariki ya Afrika, na ambaye Tanzania ni nje ya makao yake. Je, mnaandika nini?

Hamwandiki jina hilo kwanza. Mnaanza na wale wanaotarajiwa, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja mnamwondoa kwa alama mliyoiona kwa macho, si kwa hisia. Oenanthe oenanthe jike, mkia wake ukifunguliwa, una weupe mkubwa pembeni na weusi mwembamba mwishoni, uliounganika na weusi wa katikati mfano wa herufi T iliyopinduliwa. Oenanthe isabellina ana weusi mpana zaidi, unaofika takriban nusu ya mkia, husimama wima kuliko wenzake, na ile sehemu ndogo nyeusi penye kiwiko cha bawa huonekana peke yake juu ya bawa lililopauka. Oenanthe pleschanka jike ni mweusi-kahawia zaidi mgongoni, na weusi wa mkia wake hupanda kwa urefu katika manyoya ya nje kuliko ya ndani. Kisha yuko mwenyeji wetu, Oenanthe pileata. Mkubwa wake hana tatizo, kwa kuwa ana mkanda mweusi kifuani na paji jeupe ambavyo kila mtu humjua navyo, lakini kinda lake ni la kahawia tu, lina madoadoa, mkanda wa kifua haujaumbika vizuri, na mkia wake una weusi mwingi. Huyu ndiye atakayewapoteza. Nadhani kati ya madai yote ya ndege adimu wa jamii hii katika nyika zetu, wa kwanza kumshuku ni kinda la pileata.

Ninaposema mkia ni mweusi wote, ninadai nini hasa? Mkia uliofumbwa wa karibu wote katika jamii hii huonekana mweusi. Alama haipo mpaka mkia ufunguliwe, na hilo hutokea kwa nukta moja ndege anapotua au kuruka. Katika deserti weusi hufika karibu kabisa na shina la mkia, kiasi kwamba weupe unaobaki ni wa kiuno na manyoya yanayofunika shina hilo. Kwa hiyo kazi yenu asubuhi hiyo ni kuusubiri mkia ufunguke, tena na tena, huku mwenye kamera akipiga picha mfululizo kila ndege anapoondoka juu ya kichuguu. Picha yenye ukungu inayoonesha mkia uliofunguka ina thamani kuliko picha safi ya ndege aliyetulia. Zimeni gari, kaeni, acheni ndege ajizoeze nanyi. Msimfukuze kutoka kichuguu hadi kichuguu, kwa sababu huenda amefika akiwa hana mafuta yoyote mwilini, na kila anaporushwa anapoteza muda wa kula.

Ikiwa mko katika miti, si nyikani, mambo ni magumu zaidi. Chukueni wale wadogo wa kijani-manjano wa jamii ya Phylloscopus. Phylloscopus trochilus hujaa kwetu katika migunga tangu Oktoba. Ndugu yake, Phylloscopus collybita, wengi wao huishia kaskazini ya hapa, na wanafanana kiasi kwamba mtu aliyewaona maisha yake yote anaweza kunyamaza asiseme. Miguu ya collybita huwa myeusi, naye hushusha mkia mara kwa mara anapotafuta wadudu. Lakini alama yenye nguvu iko kwenye bawa. Bawa la trochilus ni refu, kwa kuwa husafiri mbali zaidi, na ncha zake huchomoza sana nyuma ya manyoya mafupi yanayolifunika. La collybita ni fupi na la mviringo, nazo ncha huchomoza kidogo tu. Ndege akiwa mkononi mwa mtaalamu wa kuvika pete, tazama kingo za manyoya marefu ukihesabu kutoka nje: katika trochilus kingo zilizobonyea ni za unyoya wa tatu hadi wa tano, katika collybita ni za unyoya wa tatu hadi wa sita. Unyoya mmoja wa sita, wenye urefu usiofika kidole, ndio unaoamua.

Kuna mambo mengine ya kuondoa kabla ya kutangaza. Ndege anayekula katika maua ya mshubiri hupata chavua usoni, na paji lake likawa la rangi ya chungwa ambayo hakuna kitabu kinachoieleza. Wapo wanaozaliwa na mabaka meupe kwa kasoro ya rangi. Wapo waliochakaa manyoya kwa jua. Na wapo waliotoroka vizimbani: tazameni kama ncha za mkia na mabawa zimesagika kwa kugonga nyaya, kama kucha zimerefuka kupita kiasi, kama mguuni kuna pete isiyo ya watafiti.

Mtauliza kuhusu programu za simu zinazotaja jina la ndege kwa picha au sauti. Nazitumia na nawashauri mzitumie. Lakini zikumbukwe kwa kile zinachokifanya: nyingi hupima pamoja na picha uwezekano wa ndege huyo kuwapo mahali hapo na wakati huo. Kwa ndege wa kawaida hilo huzisaidia, na kwa mpotea njia ndilo linalozifanya zitaje jirani anayefanana naye. Jina lililotolewa na simu ni pendekezo la kuchunguza, halitoshi kuwa sababu ya kuandika rekodi.

Kisa ambacho kwangu mimi kinaonesha kazi hii ikifanywa kwa ukamilifu wake hakikutokea huku, ila mmoja wa wahusika wake anajulikana sana kwa kazi aliyoifanya karibu na mlango wetu. Mwaka 1867 Allan Octavian Hume alipata ndege mdogo wa matete katika bonde la mto Sutlej, India. Ngozi ya ndege huyo ikahifadhiwa, baadaye ikaja kuitwa Acrocephalus orinus, na kwa zaidi ya miaka 100 hakuna aliyemwona mwingine. Wengi walidhani ni ndege wa kawaida mwenye mdomo usio wa kawaida. Mwaka 2002 Staffan Bensch wa Sweden na David Pearson walichapisha uchunguzi wa DNA ya ngozi hiyo, wakathibitisha kwamba ni spishi ya peke yake. Pearson huyo ndiye wengi wenu mnalisikia jina lake mnapozungumzia Ngulia, katika Tsavo Magharibi, ng'ambo ya mpaka mashariki ya Kilimanjaro, ambako tangu mwaka 1969 ndege wanaohama huvikwa pete katika usiku wenye ukungu, Novemba na Desemba, taa za hoteli zinapowavuta washuke.

Tarehe 27 Machi 2006, Philip Round alikuwa akivika ndege pete Thailand, karibu na mabwawa ya kusafishia majitaka, alipopata mkononi ndege wa matete mwenye mdomo mrefu na bawa fupi. Zingatieni alichofanya. Alipima, akapiga picha, akachukua manyoya machache kwa ajili ya DNA, akamwachilia ndege akiwa hai, kisha akatuma ushahidi kwa Bensch, ambaye alikuwa na kipimo cha kulinganisha. Jibu likarudi kwamba ni orinus, miaka 139 baada ya yule wa kwanza. Muda si mrefu, ngozi nyingine ya spishi hiyo ikapatikana ndani ya droo za jumba la makumbusho Uingereza, ikiwa imeandikwa jina la ndege mwingine tangu karne ya 19. Na mwaka 2009 ndege hao wakanaswa wakiwa katika makao yao ya kuzaliana, Wakhan, kaskazini-mashariki mwa Afghanistan, baada ya mtafiti kurekodi sauti zao huko mwaka uliotangulia. Round aliyafahamu maumbo ya ndege wa matete wa kila siku kwa kiasi kwamba mdomo uliozidi kidogo na bawa lililopungua kidogo vilimsimamisha. Hapakuwa na rangi yoyote ya kumwonya.

Kisa cha pili ni kichungu, nacho nakileta kwa makusudi kwa sababu katika kazi yetu fedha ipo. Kati ya mwaka 1892 na 1930, eneo moja la kusini mwa Uingereza, karibu na mji wa Hastings, lilitoa ndege adimu kupita sehemu nyingine zote za nchi. Wengi wao walipitia mikononi mwa fundi mmoja wa kukausha ndege, George Bristow, na wakati huo ndege adimu aliyepigwa ndani ya nchi aliuzwa kwa bei kubwa kuliko aliyeletwa kutoka nje. Mwaka 1962 Max Nicholson na James Ferguson-Lees, pamoja na mtakwimu John Nelder aliyepima kama wingi ule uliwezekana kwa bahati, walichapisha hoja zao, na mamia ya rekodi yakafutwa. Baadhi ya spishi zilizofutwa zilikuja kuonekana tena Uingereza kwa ushahidi safi, lakini rekodi za Hastings zenyewe hazikurudishwa, kwa maana hakuna tena awezaye kutenganisha za kweli na za uongo zilizochanganywa nazo. Mgeni aliyelipa pesa nyingi hutamani ndege adimu, na mwongozaji hutamani mgeni aondoke ameridhika. Nawasihi mkae imara hapo. Kumwambia mgeni kwamba ndege huyu hatujamthibitisha ni heshima kwake na kwa jina lako.

Namna ya kuandika ni rahisi kuieleza, ingawa inahitaji nidhamu. Andika palepale, kabla ya kufungua kitabu, kwa sababu kitabu kikishafunguliwa jicho huanza kuona kilichomo humo. Andika ulichokiona na pia ambacho hukukiona: kama miguu ilifichwa na majani, sema ilifichwa. Taja umbali, upande wa jua, muda uliomtazama, darubini uliyotumia, ndege waliokuwa karibu naye na ukubwa wake ukilinganishwa nao. Sauti irekodiwe, hata kwa simu ya kawaida iliyoinuliwa juu, na picha zisihaririwe rangi. Kila mliokuwa naye aandike peke yake kabla ya kushauriana. Kisha pelekeni maelezo hayo kwa kamati ya Afrika Mashariki inayopima rekodi za ndege adimu, ambayo maamuzi yake huchapishwa katika Scopus, jarida la ndege la ukanda huu lililoanza mwaka 1977. Rekodi ikirudi imeandikwa kwamba haikuthibitishwa, haina maana kwamba umeitwa mwongo. Ina maana kwamba ushahidi uliotumwa haukutosha kuwaondoa ndege wengine wote, nao ukitunzwa unaweza kufunguliwa tena maarifa yakiongezeka.

Kuna faida kubwa zaidi ya kupata jina jipya kwenye orodha. Anthus richardi, ndege wa nyasi wa Siberia, alihesabiwa Ulaya Magharibi kwa miaka mingi kuwa mpotea njia tu. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa walionesha kwamba ndege hao hurudi kusini mwa nchi hiyo baridi baada ya baridi, kisha huenda tena mashariki kuzaliana, maana yake njia mpya ya uhamaji imekwisha kuanzishwa. Kilichowezesha kulijua jambo hilo ni watu walioandika kila walipomwona, miaka ambayo alikuwa hana maana kwa yeyote. Huku kwetu hali ya hewa inabadilika, mito inahamishwa kwenda mashambani, mabwawa yanachimbwa, na ninyi ndio mko nje tangu alfajiri karibu kila siku ya msimu. Watafiti huja kwa majuma machache, nao huondoka.

Ombi langu la mwisho ni la kazi. Picha za makinda ya Oenanthe pileata katika hatua zake zote za kubadilisha manyoya ni chache, nasi hatuwezi kumthibitisha mgeni kama kinda la mwenyeji hatulijui. Kila atakayempiga picha katika nyika za Longido, Monduli au Sanya aandike mwezi na mahali, ahakikishe walau picha moja ina mkia uliofunguka, na azilete kwenye kikao chetu kijacho kabla ya vuli kuanza, tuzipange kwa miezi na kuzilinganisha pamoja.

Nawashukuru kwa kunisikiliza.